Majalada ya Vita Chini ya Mbegu

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, na sauti yangu kubwa niliiacha madarasani pamoja na vumbi la chaki. Iliyobaki inamtosha mtu mmoja aliyekaa karibu. Nitaeleza polepole. Ukipotea mahali, usijilaumu. Rudi mstari mmoja nyuma, utanikuta nakusubiri.

Ninakusanya vitabu vidogo vya zamani vya katuni za vita. Nimelisema mapema ili ucheke umalize. Kwaya yetu ilishacheka. Siku moja mwimbaji mwenzangu wa sauti ya pili alinikuta nimevipanga juani, akashika kiuno.

"Mwalimu, mjane wa watu, unataka kupigana na nani?"

"Nitaanza na wale wanaochelewa mazoezi."

Akaachia kiuno, maana siku hiyo aliyechelewa alikuwa yeye.

Vitabu vyenyewe vinaingia mfuko wa shati. Ndani kuna michoro ya wino mweusi kwenye karatasi duni, inayofanana na ile iliyofungiwa sukari madukani zamani, na maneno ya Kiingereza yaliyosongamana juu ya vichwa vya askari. Vilichapwa Ulaya, vikafika kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na huko vikasomwa mpaka vikalegea mgongo. Kinachonishika mimi ni jalada. Jalada lilipakwa rangi kwa brashi na mtu aliyejua kazi yake, ambaye mara nyingi jina lake halikuandikwa popote.

Aliyevileta nyumbani ni baba. Alipokuwa kijana alivuka mpaka kwenda migodini, kama walivyofanya wanaume wengi wa Mbozi wa rika lake, na mama akabaki na kahawa, mahindi na sisi. Kila likizo baba alirudi na blanketi, sufuria, na mfukoni vitabu viwili vitatu. Tuliviita vita vya mfukoni. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo ndani hakufungua. Alituketisha watoto wote kwenye mkeka, akainua jalada moja, akauliza:

"Huyu anaogopa nini?"

Sisi tukajibu, kila mtu na lake. Anaogopa ndege. Anaogopa mkubwa wake. Anaogopa kufa kabla hajala. Baba hakusema nani amepatia. Alisema tu, "Tazama tena." Ualimu wangu wote nimeujenga juu ya maneno hayo mawili, na chuoni nilikosomea hakuna aliyenipa mengine yaliyoyazidi.

Ngoja nikuonyeshe jinsi nilivyozoea kutazama, ili ukikutana na jalada la namna hii usilipite. Kwanza anga. Mchoraji hakupaka anga kama lilivyo. Alipaka anga linalosema kuna jambo limeharibika. Manjano ya usaha, wekundu wa matofali yaliyoiva, kijani ambacho hata mvua ya mawe haileti. Pili, mahali patupu. Juu kabisa kuna nafasi ameiacha kwa ajili ya jina la kitabu, na ili nafasi hiyo isionekane imeachwa, anaijaza moshi. Tatu, mwanga. Uso wa askari umeangazwa kutoka chini, kama uso wa mama anayepuliza jiko, kwa kuwa kinachowaka kiko chini yake. Mwisho, mikono. Asiyejua kuchora huificha mikono mifukoni. Hawa hawakuficha. Niliwahi kukaa na jalada moja asubuhi nzima kwa sababu ya kidole gumba kilichoshika kamba.

Hayo ndiyo niliyoyafahamu, na nilidhani yanatosha.

Baba sasa ni mzee sana. Mama alipofariki nilimhamia hapa nyumbani, mwendo mfupi kutoka Mbozi Misheni, nikidhani nitamsaidia mwaka mmoja. Imekuwa tisa. Sinung'uniki, nakwambia tu ili ujue kwa nini maelezo yangu yana vituo vingi. Kumwamsha mzee, kumwogesha, kumlisha, kumpeleka chooni, kumrudisha, na jioni kumweleza upya kwamba mama hayupo: ukifanya hivyo kila siku, uchovu hauji tena kama mgeni. Una kiti chake.

Macho yake yalianza kufunga kutoka pembeni. Daktari alisema ni presha ya macho, akasema kilichopotea hakirudi, tutunze kilichobaki. Jicho la kulia likazima. La kushoto likabaki na upenyo mdogo upande wa pua, kama mlango uliosahauliwa wazi. Dawa ya matone namtia asubuhi na jioni, na kila nikimtia ananiuliza saa ngapi, nami najua anapima ni kiasi gani cha mchana bado anakiona.

Siku moja baada ya dawa alinishika mkono.

"Mama," akaniita, maana ndivyo anavyoniita mimi binti yake, "kile cha mtu aliyembeba mwenzake, nitafutie nikione."

Nikakumbuka mara moja, ingawa si vizuri. Jalada lenye askari aliyembeba mwenzake mgongoni, wakitoka mtoni, tumewaona kwa nyuma. Baba hakuwahi kutuulizia maswali juu ya hilo. Alilionyesha mara chache tu, kisha akalirudisha mfukoni.

Nikamuuliza kwa nini lile. Akaeleza kwa vipande, akipumzika katikati. Siku moja mgodini mwamba ulishuka, mguu wake ukabanwa. Waliokuwa karibu walikimbia, na yeye hawalaumu, angekimbia pia. Aliyerudi ni Mbemba mmoja, mwenyeji wa hukohuko Zambia, wa zamu yao ambaye hawakuwa hata marafiki. Walikuwa wamegombania ndoo wiki hiyohiyo. Akamng'oa, akamtupa mgongoni, akatembea naye gizani mpaka kwenye lifti. Baadaye huyo mtu alihamishiwa mgodi mwingine na hawakuonana tena.

"Sura yake imenitoka," baba akasema. "Nilikuwa mgongoni, nilichokiona ni shingo. Nani alikuwa na kamera? Nilipoliona lile jalada dukani nikasema, huyu hapa. Nikitaka kumkumbuka natazama pale. Sasa jicho linafunga na yeye ataingia humohumo gizani."

Umeona basi kilichokuwa kinatafutwa. Nilikuwa na mkusanyiko wangu kabatini, niliouanza nilipostaafu, lakini hilo halikuwamo, na vile vya utotoni nilidhani vilishachakaa vikaisha. Nikamuuliza baba linafananaje. Akaniambia: anga la manjano, mto, mgongo, kofia ya chuma imeegemea bega. Nikaandika kwenye daftari kama mwanafunzi mzuri, nikaanza kwenda Tunduma.

Kule Tunduma, ukivuka msongamano wa malori yanayosubiri kuingia Zambia, kuna mwanamke wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayetandaza turubai lenye vitabu na magazeti ya zamani. Wateja wake wakubwa ni wauza karanga. Wanachukua karatasi za kufungia. Vita vyangu vingi nimeviokoa kwenye mikono yao. Niliwahi kununua karanga nisizozihitaji, nikazimwaga kwenye mkoba, ili nipate ndege inayowaka iliyokuwa imeviringwa kuzibeba.

"Mwaiseni, bamayo!" alinikaribisha kwa Kibemba, yaani karibu mama, kila nilipokuja. "Umefuata vita?"

"Nimefuata. Leo kuna vita gani?"

"Vya ndege vipo, vya meli vipo. Cha kubebana, awe, hakuna."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama mpaka naota maaskari. Mume wangu ananiuliza ni nani huyo ninayemwambia 'geuka nikuone mgongo.'"

Tukacheka. Nikachukua vya ndege ili nisirudi mikono mitupu, nikarudi. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, nusu ya wa tatu. Kiangazi vumbi liliniingia kwenye meno; masika niliacha kiatu kimoja kwenye tope na kurudi na kandambili za mkopo. Kila niliporudi baba aliuliza, "Umempata?" Hakusema umekipata. Nami nikajibu, "Bado, baba." Upenyo wa jicho ukazidi kuwa mwembamba. Mwanzoni aliona sahani yote, baadaye nusu, baadaye kijiko.

Kisha Jumamosi moja ya mvua yule mwanamke hakunikaribisha. Alinitazama tu, akaingiza mkono chini ya turubai, akatoa kitu alichokifunga kwa mfuko wa nailoni.

"Njoo umwone mtu wako," akasema.

Anga la manjano. Mto. Mgongo. Kofia ya chuma imeegemea bega. Kisafi, kona moja tu imekunjika. Nilitegemea nitapiga kelele siku hiyo. Nilikaa juu ya robota la mitumba la jirani yake, nikamwomba maji.

"Bamayo, hujafurahi?"

"Nimefurahi. Miguu ndiyo haijapata habari."

Nilifika nyumbani jua limeshajificha nyuma ya ukungu. Baba alikuwa kitandani, ameegemea ukuta. Nikamwekea jalada mikononi nikamwambia, "Baba, nimempata." Vidole vyake vikapita juu yake polepole. Akaliinua, nikadhani analileta kwenye jicho. Akalipeleka puani.

"Hiki si chetu," akasema.

"Si chetu, baba. Ni kingine, lakini picha ni ileile."

"Hakijakaa jikoni. Vyetu mama yako alivitandika chini ya mbegu."

Nilisimama na koti la mvua bado mwilini, linachuruzika.

"Baba, unasema viko wapi?"

"Darini. Si wewe ndiye unayepanda kila mwaka kuchukua mbegu?"

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

Akageuza uso upande niliokuwa, akashangaa kweli.

"Hukuniuliza viko wapi. Uliniuliza vinafananaje."

Nimetunga maswali ya mitihani kwa miaka mingi. Nimewasahihisha watoto waliojibu swali ambalo hawakuulizwa. Na hapo kwenye sakafu ya baba yangu nikagundua kuwa mwalimu mzima nilikosea swali lenyewe. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu za kuanzia.

Kama wewe si wa huku kwetu, nikueleze. Jiko letu ni nyumba ya pembeni, na juu ya moto kuna dari la miti. Mahindi ya mbegu hayawekwi stoo na mengine. Mama huchagua mahindi bora, yenye mistari iliyonyooka, na kuyalaza darini ili moshi uyapitie kila siku na fukusi wasiyaguse. Na kwa kuwa moshi umetunza mbegu tangu enzi za bibi zetu, kila kitu cha thamani hupelekwa huko: jembe jipya, ngozi, hata cheti changu cha darasa la saba kilikaa huko ndani ya kopo mpaka nilipokwenda kukiomba. Mtu wa mjini huweka cha thamani kabatini. Sisi tunakiweka juu ya moto.

Basi baba aliporudi kabisa kutoka migodini na kumkabidhi mama vitabu vyake akamwambia, "Nitunzie hivi," mama alivitunza kwa heshima yote aliyoijua. Alivilaza juu ya miti, majalada yakitazama moto, kimoja kikikanyaga kingine kidogo kama bati za paa, na juu yake mbegu, ili hata punje isipenye kuangukia jivu. Hakuna fukusi aliyevigusa, hakuna panya wala mchwa. Na kila mwaka baada ya mama kufariki, mimi nilipanda ngazi, nikalaza mahindi yangu juu ya lile gamba jeusi, nikashuka. Nilidhani ni maboksi.

Kesho yake palikuwa na ukungu. Siku iliyofuata pia. Jicho la baba lilihitaji jua, hivyo tukasubiri, na mimi nikapanda darini. Mbegu tulikwisha kupanda, dari lilikuwa tupu. Magoti yangu yalilia kwenye kila kipago cha ngazi. Nililing'oa lile gamba taratibu, likashuka pamoja na masizi ya miaka, nikalibeba uani juu ya ungo.

Siku mbili nilikaa nalo. Nilichonga kijiti cha mwanzi kikawa chembamba kama wembe, nikakipitisha kati ya kitabu na kitabu, nikipuliza. Vingine vilikatika. Vingine vilikuwa vimegeuka kitu kimoja kama ugali wa jana, nikaviacha. Majalada yalikuwa meusi, yaani meusi kabisa, yanang'aa kama chungu cha zamani. Anga zote zile, mioto yote ile, imezimwa na moto wa ugali wetu. Nilivitazama nikasema peke yangu, "Mama, ulivipenda mno." Sikulia. Nilikuwa na nguo za baba za kufua.

Lakini kumbuka vilikanyagana kama bati. Pale kimoja kilipokifunika kingine, moshi haukufika. Kwa hiyo kila jalada lilibaki na ukanda mmoja safi chini, upana wa vidole vitatu, wenye rangi zilezile za siku liliponunuliwa. Ndege nyingi zilibakiwa na nyasi za kiwanjani. Meli zilibakiwa na povu. Na kimoja, karibu na mwisho, kilibakiwa na maji ya kijivu na buti nne, mbili zinaning'inia hewani na mbili zinakanyaga.

Nikakimbia, yaani nikaenda kwa haraka ninayoiweza, kuchukua kile cha Tunduma. Nikaviweka pamoja. Buti zilezile. Mto uleule.

Siku ya nne jua lilitoka saa tatu. Nikambeba baba, sasa hivi ni mwepesi, anamzidi kondoo kidogo tu. Nilimweka kwenye kiti mlangoni, nikasimama nyuma yake, nikashika jalada safi upande wa kushoto, karibu na pua, nikilisogeza milimita kwa milimita kuutafuta ule upenyo.

"Hapo," akasema. "Simama hapo hapo."

Nikasimama.

"Manjano," akasema. "Kuna kitu cheusi katikati."

"Ndiyo mgongo, baba."

"Amembeba?"

"Amembeba."

"Amechoka?"

Uso hauonekani, mchoraji kaugeuza. Nilitazama mabega, kama nilivyozoea, nikatazama mikono. Mabega yanaweza kuwa ya mtu anayetaka kuanguka au ya mtu aliyezoea mzigo.

"Sielewi, baba. Uso haupo."

"Tazama miguu. Mtu aliyebeba, uchovu wake uko miguuni. Kisigino kikoje?"

Katika maisha yangu yote ya kutazama majalada, sijawahi kuanzia miguuni. Nilikwenda kwenye anga kama mtoto anayekimbilia sukari. Nikachukua kile cheusi chenye ukanda safi, maana huko rangi ilikuwa kali zaidi, nikakisogeza machoni pangu. Buti la kushoto limezama mchangani. La kulia limegusa kwa vidole tu, kisigino kiko juu ya maji, na chini ya kisigino mchoraji ameweka matone matatu, madogo kama punje za ulezi, yanayoanguka.

"Cha kulia kimeinuka," nikasema. "Kinachuruzika maji."

"Kimeinuka?"

"Ndiyo, baba. Kimeinuka."

"Basi bado anatembea," baba akasema.

Akaomba kile cheusi. Nikampa, akakiweka puani, akavuta. Akakaa nacho hivyo muda mrefu, jua likimpiga magotini, masizi yakimpaka mdomo wa juu kama masharubu ya kijana. Mimi nilibaki nimeshika kile safi kwenye upenyo mpaka aliponiambia, kwa upole, kwamba ninaweza kushusha mkono. Limepita wingu, haoni tena.

Tulipata asubuhi nyingine tano za namna hiyo kabla jicho halijafunga kabisa. Sasa nasoma mimi, yeye anasikiliza. Kila mara anauliza kuhusu kisigino, na kila mara nampa jibu lilelile, na siku ambazo mimi mwenyewe nimechoka kupita kiasi najisikia vizuri kidogo ninapolisema.

Kwa hiyo ukirudi kwenu, mwulize mkubwa wa nyumba vitu vilipowekwa kabla hujauliza vinafananaje. Ukipata jalada la zamani, usiliweke juu ya moshi wala stoo na dawa ya mahindi; lifunge kwa kitambaa cha pamba, liweke kwenye sanduku kavu mbali na jiko. Na siku ya kulitazama, nawa mikono uikaushe, kaa mlangoni asubuhi jua likiwa nyuma ya bega lako, lishike kwa kingo zake, na uanzie miguuni.